Siku Kogo Alipotupotea Chalbi

Kiti kilikuwa cha mume wangu. Kikundi chetu ni cha wakulima wanaopimia majani chai katika baing moja, kile kibanda cha mabati nje kidogo ya Sotik ambapo lori la kiwanda hutukuta na vikapu vyetu. Kila mwaka baada ya bonasi huwa tunasafiri. Mombasa tulikuwa tumekwenda mara mbili. Safari hii mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alisema bahari tumeiona inatosha, twende jangwani. Watu walicheka, yeye hakucheka. Alisema mtu aliyezaliwa mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri hajui mvua ni nini.

Wiki ya safari, ng'ombe wetu alikuwa karibu kuzaa, na uzazi wake wa kwanza ulikuwa umetutesa. Mume wangu akasema hawezi kumwachia jirani kazi hiyo.

"Kiti kisipotee bure," akaniambia. "Aende Mama."

Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda aliyetoka upande wa ziwa. Nililelewa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, za mashamba makubwa ya Kericho, nikaolewa huku kwa Wakipsigis. Mama mkwe wangu, ambaye tangu nilipozaa namwita Kogo, nyanya, kama wanavyomwita watoto wangu, hajawahi kunitendea ubaya hata siku moja. Shida ni kwamba hatukuwa na maneno. Kipsigis changu kilikuwa cha sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi. Miaka yote hiyo tuliishi boma moja tukizungumza habari za maziwa, kuni na homa za watoto, basi. Sasa nilikuwa nimeambiwa nikae naye kiti kimoja hadi Marsabit.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Mume wa binti yake naye alikuwa mwanachama. Huku kwetu mama na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Kogo alipopanda basi asubuhi hiyo na kumwona mkwe wake ameketi mbele, alivuta kitambaa cha kichwa kikamfunika nusu ya uso, akapita moja kwa moja hadi kiti cha nyuma kabisa. Nikamfuata. Kiti cha nyuma ndicho kinachorusha watu.

Chini ya miguu yake alikuwa ameweka kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kimefungwa kwa leso. Nilimwambia Marsabit kuna chakula.

"Chakula ya watu," akasema. "Na yangu ni hii."

Siku ya kwanza ilipita salama. Tulilala Nanyuki, tukaamkia baridi kama ya kwetu. Tulipoteremka kuelekea Isiolo, joto likaanza kupanda ndani ya basi, watu wakavua masweta, kisha wakavua viatu. Baada ya Isiolo hakuna aliyekuwa anaongea. Na hapo ndipo tukasikia mlio, paa!

Dereva alifunga breki, akilini mwake tairi limepasuka. Tulirukia mbele sote. Lakini tairi lilikuwa zima. Kilichopasuka kilikuwa kifuniko cha kibuyu. Maziwa yalikuwa yameumuka kwa joto, yakasukuma kifuniko hadi darini, na yenyewe yakafuata. Mursik ya kijivu, na mkaa wake wa kusafishia kibuyu, ilirushwa mbele na ile breki ikamwangukia mwenyekiti kwenye kofia nyeupe aliyoinunua makusudi kwa ajili ya jangwa. Nyingine ikamfikia mkwe shingoni.

Watu waliangua kicheko. Mkwe alijipangusa bila kugeuka nyuma, kwa maana angegeuka angemwona mama mkwe wake katika aibu. Kogo alikuwa ameinamisha kichwa hadi magotini. Nilimshika mgongo nikidhani analia, nikahisi mgongo wote unatetemeka, nikapiga magoti niuone uso. Alikuwa anacheka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa leso na machozi yanamtoka.

"Usiambie yeye," akaninong'oneza.

Basi lile lilinuka mursik hadi tuliporudi nyumbani.

Kule Marsabit tulikuwa tumeahidiwa magari mawili yale makubwa ya kupanda mawe. Tulipoamka tukaambiwa moja limeharibika na la pili limekwenda kulivuta la kwanza. Badala yake walituletea lori lililofungwa mabenchi. Mwenyekiti akagomba, kisha akapanda. Dereva wa lori alikuwa mtu wa hapo, mwenye ndevu alizozipaka hina, mpole, mwenye kupenda kuimba. Alituteremsha kutoka mlimani kuingia katika nchi ambayo sikuwa na jina la kuiita. Mawe meusi yalitandazwa hadi upeo wa macho kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Baada ya kijiji cha Maikona mawe yakaisha, tukaingia jangwa la Chalbi lenyewe: uwanja mweupe, tambarare kama sinia, chumvi imekauka juu yake ikapasuka vipande vipande. Watu wa kwetu wamezoea macho kugonga kilima kila upande. Mzee mmoja aliuliza kama kuna mtu anaweza kumwambia mwisho wake uko wapi.

Tulishuka tukapiga picha. Upande wa kaskazini, juu ya milima, mawingu yalikuwa yamekusanyika. Dereva aliyatazama.

"Inanyesha Huri," akasema. "Ni mbali. Haitatufikia."

"Hata ikifika," mwenyekiti akasema, "sisi mvua ni ndugu yetu."

Mvua haikutufikia kweli. Hakuna tone lililotuangukia. Lakini maji yalitufikia. Tulikuwa tumekwenda kitambo nilipoona mbele yetu uwanja unang'aa, nikadhani ni mazigazi, yale maji ya uongo tuliyokuwa tukiyaona tangu asubuhi. Dereva naye alidhani hivyo, kwa sababu hakupunguza mwendo. Tulisikia magurudumu yakibadilisha sauti, yakawa kama mtu anayetafuna. Maji membamba yalikuwa yanatembea juu ya chumvi, yametoka milimani, na udongo chini yake ulikuwa umegeuka uji. Lori lilikwenda kidogo, likainama upande mmoja, likazama hadi kwenye ekseli. Dereva aliacha kuimba.

Tulijaribu kila kitu. Wanaume walisukuma, wanawake tukatoa mabenchi tukayaweka chini ya magurudumu, na mabenchi nayo yakazama. Simu zote hazikuwa na mtandao. Mwishowe dereva alivua viatu, akasema kuna watu Kalacha wenye trekta, atakwenda kwa miguu na pengine atapata mtandao njiani. Alituomba tusitawanyike. Maji yalikuwa yamekwisha kupita, yamebaki madimbwi na matope, na jua likarudi kali kuliko mwanzo. Tuliketi kwenye kivuli cha lori, watu wazima wote hao, tumejipanga kama vifaranga.

Kufikia saa kumi hivi Kogo alinigusa mkono. "Nataka kwenda nje kitoko," akasema. Kidogo yake ni kitoko.

Wanawake wengine walikuwa wamekwenda upande wa pili wa lori, wakashikiana leso kuwa ukuta. Nilimwambia tutamfanyia hivyo hivyo. Alitazama lori, akatazama mkwe wake aliyekuwa ameketi upande wa mbele, akatikisa kichwa. Hakukuwa na kichaka wala mti. Kitu pekee kilichosimama katika uwanja ule kilikuwa tuta la mawe meusi, lilionekana karibu.

"Nitakwenda pale," akasema.

"Ngoja niende na wewe."

"Mimi ni mtoto?"

Akavua viatu, akapandisha sketi kidogo, akaenda. Nilimtazama akitembea katika matope, mgongo umenyooka, hadi akawa mdogo, hadi akazunguka lile tuta. Kisha mwenyekiti akaniomba nimsaidie kugawa maji yaliyobaki, na nilipoinua macho tena, sikuwa na hakika ni muda gani umepita. Kogo alikuwa hajarudi.

Nilingoja kidogo kwa ajili ya heshima. Halafu nikasimama nikaita, "Kogo!" Nyumbani ukiita, kilima cha ng'ambo hukujibu, na kama si kilima, jirani. Hapo sauti ilitoka mdomoni ikaenda moja kwa moja, hakuna kitu kilichoirudisha. Niliita mara ya pili na nikaanza kuogopa sauti yangu mwenyewe.

Mkwe alikuwa amesimama. Alikuja akasimama mbali kidogo nami.

"Ni mama?" akauliza.

"Alikwenda nyuma ya yale mawe."

Uso ulimbadilika. "Ni mimi nimemfukuza," akasema. "Angekuwa hapa tu kama mimi si hapa."

"Hakuna mtu amemfukuza mtu," nikasema, ingawa nilijua ni kweli. "Twende."

Nyayo zake zilikuwa wazi katika matope, miguu mipana isiyo na viatu. Tuta lililoonekana karibu halikuwa karibu. Nilikuwa nimekosa pumzi tulipolifikia. Nyuma yake tulikuta nyayo zinaingia kwenye mawe, na hapo zikaisha. Zilizotoka upande wa pili zilikuwa chache, zinaelekea kusikokuwa na lori, kisha nchi ikawa kokoto ngumu isiyoshika alama. Tulisimama. Mbele yetu uwanja wote ulikuwa unacheza kwa joto, na vitu vyeusi vilikuwa vinaelea hewani bila miguu. Unaona kila kitu, na huoni kitu.

Nilianza kupanga maneno. Nilikuwa napanga nitakavyomwambia mume wangu. Nimekwenda na mama yako na nimerudi bila yeye. Nilijaribu kuyasema kwa Kiswahili, nikayajaribu kwa Kipsigis, nikagundua kwamba kwa Kipsigis sina hata neno la kupotea kwa mtu, ninalo la kupotea kwa ng'ombe tu. Hilo ndilo lililoniliza. Mkwe alitazama pembeni hadi nilipomaliza.

"Vile vinaelea," akasema, "vinatembea. Lori haitembei. Kama yeye ameviona akadhani ni sisi, amevifuata."

Tukavifuata na sisi. Kadiri tulivyokaribia, vilipata miguu, vikapata shingo, vikawa ngamia. Nyuma yao palikuwa na nyumba chache za mviringo zilizofunikwa kwa mikeka na ngozi, na mbuzi, na moshi. Niliita tena, "Kogo! Kogo!" Mbwa ndiye aliyejibu. Mwanamke mmoja mrefu, amejifunga shuka la maua, alitoka katika nyumba ya kwanza akatutazama. Alinionyesha mimi kidole, kisha akafanya ishara ya kuniita. Mkwe alipopiga hatua, yule mwanamke aliinua mkono wote, kiganja mbele, namna ambayo haihitaji mkalimani. Mkwe akasimama pale pale.

Niliinama nikaingia. Ndani kulikuwa na giza na ubaridi, na harufu ya maziwa yaliyofukizwa kwa moshi, harufu ambayo ningeweza kuapa ni ya jikoni kwa Kogo. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ngozi, miguu imenyooshwa, amefungwa shuka la maua kama la mwenyeji wake, na mkononi ameshika kikombe cha bati.

"Mbona umeleta yeye?" akaniuliza.

Nilikaa chini. "Kogo, tumekuita. Hukusikia?"

"Nilisikia. Nilisikia hata ile ya mbali."

"Na hukujibu?"

Alinyoosha mkono akavuta shuka. "Nijibu nikiwa hivi? Sketi ni ile inaning'inia huko nje, imejaa matope. Mwanamume wa binti yangu anipate na nguo ya kuazima?" Akanywa kidogo. "Keti. Kunywa chai. Ni ya ngamia. Sukari wameweka kama wanazika mtu."

Kwa hasira nilikataa, kisha yule mwanamke mrefu akaweka kikombe mkononi mwangu nikanywa chote. Kogo alinieleza kwamba alipomaliza haja yake alizunguka mawe akatokea upande usio wake, akaona kitu cheusi mbali, akadhani ni lori. Aliposhtuka kwamba ni ngamia, alikuwa amekwisha kuchoka, na mawe yalikuwa yamemkata nyayo. Yule mwanamke alimkuta ameketi chini, akamshika mkono bila kuuliza neno. Walikuwa hawana hata lugha moja ya kuongea. Lakini nilipokuwa nikinywa, niliwaona wakishika vibuyu vya nyumba ile, kimoja kimoja. Mwenyeji anaonyesha jinsi cha kwao kinavyosukwa, Kogo anaonyesha kwa vidole jinsi cha kwake kinavyosafishwa kwa kijiti cha moto. Kuna mahali alipiga mikono, paa, akaelekeza juu, kisha akajipangusa shingo. Wote wawili wakacheka hadi wakaegemeana. Wala hakunitafsiria. Hapakuwa na haja.

Jua lilikuwa linashuka. Nilitazama nyayo zake, zilikuwa zimevimba na kuchanika, chumvi imeingia ndani. Hakuweza kusimama. Mwenye boma, mzee aliyekijua Kiswahili kidogo, alikuja akasimama mlangoni na kuuliza yule mwanamume aliyeachwa huko nje ni mtoto wa mama huyu.

"Ni mkwe," nikasema.

"Basi ambebe. Ana mgongo mzuri."

Nilimtafsiria Kogo kwa Kipsigis changu cha sokoni. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avuliwe nguo barabarani.

"Nitalala hapa," akasema. "Nitalala hapa mpaka nife."

Mkwe, aliyekuwa amesikia kila kitu kupitia mkeka wa ukuta, alikohoa. "Mwambieni mama," akasema kwa sauti, bila kumwelekea, kama mtu anayezungumza na mbuzi, "hata mimi siwezi. Naomba kuwe na njia ingine."

Njia nyingine ilikuwa ngamia. Yule mzee alieleza kwamba wanapohama, wazee na watoto hupakiwa juu ya ngamia ndani ya fito za nyumba. Alimleta mmoja aliyezeeka, mwenye uso wa kuchoshwa na dunia, akamlaza chini, akamfunga fito na ngozi. Kogo alivaa sketi yake, bado na unyevu. Mkwe alitangulizwa kwanza: aliambiwa aende mbele, atazame mbele, asigeuke. Alifanya hivyo kwa furaha ya mtu aliyepewa msamaha. Ndipo sisi wanawake tukamwinua Kogo. Ngamia aliposimama, kwanza nyuma kisha mbele, Kogo alipayuka kwa Kipsigis neno ambalo sikuwahi kulisikia kanisani.

Hivyo ndivyo tulivyorudi. Mkwe alitangulia, shingo imekakamaa. Mzee alimshika ngamia kamba. Mimi nilitembea kando nikiwa nimeshika ukingo wa leso ya Kogo, eti ninamzuia asianguke. Yule mwanamke mrefu alitusindikiza hadi kwenye kokoto, akasimama. Kogo aligeuka akampungia hadi hatukumwona tena.

Kwenye lori walikuwa wamekwisha kutuona kama vitu vyeusi vinavyoelea, na baadaye waliniambia walidhani ni wezi wa mifugo. Tulikaribia. Mwenyekiti alisimama na kofia yake yenye doa. Halafu mmoja wa wanawake akapiga kigelegele, na wote wakapokea, na wakaanza wimbo tunaouimba bi harusi akifika. Kogo alikaa juu kule, wima, akiwatazama mmoja mmoja. Hakutabasamu. Aliwangoja wamalize.

Tulilala ndani ya lori, tumebanana. Asubuhi dereva alirudi na trekta na akatuomba radhi sana. Tukamwambia si yeye aliyenyesha. Ziwa tulilokusudia kuliona ng'ambo ya jangwa hatukuliona, muda ulikuwa umekwisha. Tulivutwa, tukarudi Marsabit, Kogo akafungwa nyayo dawa katika zahanati, tukashika njia ya nyumbani. Kwenye basi wengine walilalamika kwamba safari imeharibika. Lakini kila tuliposimama nilimwona mkwe akishuka kununua maji, na chupa moja ilinifikia mimi kupitia kwa watu wengine. Nilimpa Kogo. Alikunywa.

Ng'ombe alikuwa amezaa ndama jike, bila taabu yoyote. Mume wangu alituuliza jangwa liko vipi. Nilimwachia mama yake ajibu.

"Ni watu," akasema. "Wako vizuri."

Wiki zile za kupona Kogo hakuweza kuchuma, na majani yalikuwa yametoka kwa wingi, kwa hiyo nilichuma mistari yake pamoja na yangu. Nilidhani atakaa nyumbani. Siku ya pili nikasikia kigoda kinaburutwa. Alikuja na mwavuli na kigoda, akaketi mwanzo wa mstari, miguu imefungwa nguo nyeupe, akaanza kuniambia majani gani nimeyaacha. Halafu, katikati ya kunisahihisha, akaanza kunisimulia alivyoletwa katika boma hili akiwa bi harusi, na mama mkwe wake aliyekuwa hazungumzi. Alisimulia kwa Kipsigis, polepole, na neno nisilolijua alilirudia kwa Kiswahili chake, na pale ambapo vyote viwili vilishindwa, alitumia mikono. Mvua ya alasiri ilianza. Alifungua mwavuli akaendelea. Niliacha kuchuma nikasogea karibu ili nisikie, na siku hiyo lori la kiwanda lilipita baing bila majani yetu.